Mnaisema miwani ya DJ, kangomba yake hamuisemi

Msimu wa korosho ukikolea, Chiungutwa inabadilika. Pesa za mnada zikishaanza kuingia kwenye akaunti za wakulima, bodaboda zinakuwa nyingi kuliko abiria, mabati mapya yanaanza kung'aa juu ya nyumba, na wikiendi haipiti bila sherehe. Huku vijana wametoka jandoni, kule mabinti wanatolewa unyago, kitongoji cha tatu kuna harusi. Na kila penye sherehe yupo yeye. DJ.

Anakuja na kirikuu kilichosheheni spika mpaka kinapanda mlima kwa kulia. Saa nne usiku kavaa miwani mieusi. Koti lina vitu vinavyometameta, cheni shingoni tatu, nywele kazipaka rangi ya dhahabu, raba nyeupe pee katikati ya vumbi. Kabla hajagonga hata ngoma moja anajitambulisha kwa dakika tano nzima: yeye ni nani, ametoka wapi, nani anamuogopa. Watoto wanamzunguka, kina mama wanapiga vigelegele, vijana wanarekodi kwa simu. Mpaka alfajiri ni yeye na uwanja wake.

Kukicha, anasemwa. Kwenye kahawa wazee wanatikisa vichwa: mtoto wa kiume na heleni, dunia imekwisha. Kwenye magrupu ya WhatsApp inatumwa picha yake na vichekesho chini. Wenye kujifanya wa mjini nao wanamcheka kwamba ni mshamba aliyechelewa fasheni. Kila mtu ana neno juu ya miwani, suruali na nywele.

Hakuna hata mmoja anayeuliza swali lenye maana: zile ngoma zilizorudiwa mara nne nne usiku kucha, nani alizilipia?

Hilo ndilo swali, na limekuwa likikwepwa kwa miaka. Mjadala wa ma-DJ nchi hii, kuanzia wa mnanda wa kijijini mpaka yule wa redioni ambaye sauti yake inajulikana kuliko ya mkuu wa mkoa, ni mjadala wa mavazi na maadili. Kelele za nguo zimekuwa kubwa mno mpaka zimeifunika ishu ya pesa. Na huko kwenye pesa ndiko watu wanakoumia.

Majina hayatajwi hapa. Ukimtaja mmoja, wengine ishirini wenye mchezo uleule watashangilia kwamba mbaya kapatikana, kisha Jumatatu wanaendelea kama kawaida. Mtindo ni mmoja, wahusika ni wengi, na kila mmoja akisoma atajijua.

Mbwembwe hazina kosa

Kwanza DJ atendewe haki yake. Mbwembwe ni sehemu ya kazi. Mtu anayesimama nyuma ya mashine akipiga nyimbo zilizoimbwa na wengine ana vitu viwili tu vya kuuza: sikio na sura. Sikio ndilo linalojua wimbo gani ufuate, lini uwanja uchemke na lini bibi harusi apumue. Sura ndiyo inayofanya watu mia tatu waliochoka na shamba waamini kwamba usiku huu si wa kawaida.

Na Kusini si pahala pa kushangaa mtu kujipamba kwa ajili ya ngoma. Kwenye mapiko ya Wamakonde mchezaji anafunika uso kwa kinyago cha mti na mwili mzima kwa nguo, anaingia uwanjani kama kiumbe kingine kabisa. Hakuna mzee aliyewahi kumuuliza mcheza lipiko kwa nini hakuvaa kama karani wa AMCOS. Inajulikana kwamba vazi lile ni la kazi. Miwani ya DJ saa nne usiku ni mjukuu wa kinyago kile.

Halafu ma-DJ hawa hawa ndio waliobeba muziki wa nchi hii. Clouds FM yenyewe imerithi jina la disko, Mawingu, kabla haijawa redio. Singeli ilikuzwa mtaani Dar, kwenye vigodoro, na ma-DJ waliokuwa wakiongeza spidi ya midundo mpaka kompyuta zinalalamika. Kazi za studio ya Sisso ya Mburahati zilitolewa mwaka 2017 na lebo ya Uganda, Nyege Nyege Tapes, na baada ya hapo vijana kama Jay Mitta, Duke na DJ Travella wakasikika mpaka Ulaya. Wengi nchini hata hawajui majina hayo. Muziki ule ulisambaa kwa flashi na memori kadi, mkono kwa mkono, kwa sababu DJ aliusikia akasema huu unapigika. Sikio lake lilitosha.

Kwa hiyo anayetaka kumpiga DJ kwa sababu ya heleni, atafute kazi nyingine ya kufanya. Kosa liko kwingine.

Kangomba ya muziki

Kwa mdau asiyetoka Kusini: kangomba ni ule ununuzi wa korosho wa pembeni. Mkulima kabanwa kabla ya msimu, mtoto anadaiwa shuleni, mgonjwa yuko ndani. Anatokea mtu na chombo chake, anapima kwa chombo hicho badala ya mzani, analipa bei ya kutupa, anaondoka. Mkulima kapata hela ya leo, faida ya jasho lake la mwaka imepanda bodaboda na yule mtu. Serikali imeipigia kelele kangomba miaka na miaka. Mwaka 2018, ule mwaka ambao jeshi liliingizwa kusomba korosho na bei ikatangazwa kuwa Sh3,300 kwa kilo, mtu aliyeleta mzigo mkubwa alitakiwa aonyeshe shamba lake lilipo.

Sasa ipo kangomba nyingine ambayo haina operesheni. Hii haipimi korosho, inapima ndoto.

Dogo wa Chiungutwa ana wimbo. Kaurekodi studio ndogo Masasi mjini kwa hela ya kibarua cha kuokota korosho. Si wimbo mbaya. Una mdundo wa kwao, una maneno mawili matatu ya Kimakua ambayo bibi yake akiyasikia anacheka. Anamtafuta DJ mwenye jina, wa redioni au wa matamasha, anamwandikia WhatsApp. Mazungumzo haya wasanii wachanga wanayajua kwa moyo, yanabadilika jina la mtu tu:

"Shikamoo kaka. Naomba usikilize ngoma yangu."

"Marahaba mdogo wangu. Ngoma kali hii. We una kipaji."

"Asante sana kaka. Itapigwa lini?"

"Sasa dogo, si unajua mambo ya promo. Wenzako wanajiongeza."

Kujiongeza! Neno zuri kabisa la Kiswahili limegeuzwa kuwa risiti ya rushwa. Linakwenda na ndugu zake: ya maji, ya vocha, ya mafuta, ya kuwaweka sawa wenzangu. Hakuna anayesema bei waziwazi. Dogo anatakiwa afahamu mwenyewe, na asipofahamu, ngoma yake kali ghafla inakuwa "haijakaa sawa kwenye miksi".

Chukua mfano wa laki moja tu. Kwa ile bei ya 2018, laki moja ni kilo thelathini na ushee za korosho. Kilo hizo mikorosho yake imepaliliwa, imepuliziwa dawa ya ubwiri unga, kisha korosho zimeokotwa moja moja kwa mgongo ulioinama. Zote zinakwenda kwa mtu mwenye miwani ili wimbo upigwe mara tatu au nne, saa ambayo watu wamelala. Mwezi unaofuata anaambiwa ajiongeze tena. Wimbo haukufeli, dogo ndiye aliyeishiwa.

Na kila anapokata tamaa, kuna mtu wa kumwambia "mbona Konde Boy katoboa?" Ni kweli, Harmonize ni mtoto wa Mtwara, na "Aiyola" ya mwaka 2015 iliwafanya vijana wa Kusini wote watembee kifua mbele. Lakini Harmonize alipita kwenye mlango wa lebo kubwa ya Dar, yenye watu, magari na majina. Mafanikio yake yanaonyesha kwamba kipaji Kusini kipo. Mlango wenyewe bado ni mwembamba, na waliosimama mlangoni wanatoza kiingilio.

Babu wa mchezo huu

Anayedhani haya ni mambo ya kibongobongo asome habari za Alan Freed, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1921 na ambaye ndiye DJ aliyelifanya jina la rokenroli lishike duniani. Ukitaka kumjua babu wa kila DJ mwenye mbwembwe, ni huyu. Alivaa makoti ya mirabamiraba yanayopiga kelele yenyewe. Studioni aligonga kengele ya ng'ombe, akapigapiga kitabu cha namba za simu kufuata mdundo, akapiga mayowe kwenye maiki katikati ya wimbo.

Alianza kuwika mwaka 1951 kwenye redio ya Cleveland, kwenye kipindi kilichodhaminiwa na mwenye duka la santuri, Leo Mintz, aliyekuwa ameona vijana wa Kizungu wakinunua muziki wa Weusi. Pesa ya mfanyabiashara ilikuwepo kwenye chumba tangu siku ya kwanza. Mwezi Machi 1952 lilitangazwa dansi kubwa katika jina lake, umati ukafurika kupita uwezo wa ukumbi, polisi wakalifunga. Kufika 1954 alikuwa New York, mfalme.

Freed alifanya jambo kubwa, na lazima lisemwe. Nchi ikiwa bado imegawanywa kwa rangi, alipiga rekodi za wasanii Weusi wenyewe wakati redio nyingi zilipendelea nakala zilizoimbwa na Wazungu. Kwenye matamasha yake watoto wa rangi zote walikaa ukumbi mmoja. Kwa hilo alichukiwa. Wazazi, mapadri na magazeti walimsema kwa maneno yaleyale ya kahawani Chiungutwa: anaharibu watoto, muziki wa kishenzi, tabia za ajabu.

Lakini mkono mwingine wa Freed ulikuwa mfukoni kwa watu. Jina lake la kwanza la kujitapa, Moondog, lilikuwa la mwanamuziki kipofu aliyekuwa akipiga barabarani New York. Kipofu yule alimpeleka mahakamani, akashinda, Freed akaambiwa aliache. Wimbo "Maybellene" wa Chuck Berry ulipotoka mwaka 1955, jina la Freed liliandikwa kama mmoja wa watunzi. Mtunzi alikuwa Berry. Kila santuri ilipouzwa, DJ alikuwa na fungu la utunzi, na Berry alikuja kurudishiwa wimbo wake kamili mwaka 1986, baada ya zaidi ya miaka thelathini. Hiyo ni kangomba ya kiwango cha kimataifa: nipe nusu ya shamba, mimi nitakupimia.

Mwaka 1959 kashfa ya payola, yaani hongo ya kupigiwa wimbo, ikalipuka. Freed alitakiwa na kituo chake asaini karatasi kwamba hajawahi kupokea, akakataa, akafukuzwa. Mwaka 1962 alikiri makosa mawili ya hongo ya kibiashara, akatozwa faini ya dola 300. Faini ilikuwa ndogo, lakini jina lilikuwa limekwisha. Alikufa Januari 1965, ana miaka 43, pombe imemmaliza na serikali inamdai kodi.

Wakati huohuo alikuwepo Dick Clark, mtangazaji wa muziki kwenye televisheni. Kijana msafi, nywele zimechanwa, tai imekaa. Alikuwa na hisa kwenye lundo la kampuni za muziki huku akichagua muziki wa kupigwa. Televisheni yake ikamwambia auze hisa hizo, akauza. Mwaka 1960 alihojiwa na kamati ya Bunge la Marekani, na mwenyekiti akamsifu kuwa ni kijana mwema. Aliendelea na kazi kwa miongo, akafa mwaka 2012 akiwa tajiri.

Mwenye makoti ya kelele alivunjika, mwenye tai akapeta. Kampuni za santuri zilizokuwa zikitoa hizo bahasha zikaendelea kuuza santuri. Taifa zima lilidhani limesafisha redio, kumbe limemtoa mtu mmoja mwenye mbwembwe.

Na huku nyumbani

Tanzania ina historia yake ya kukimbiza nguo. TANU Youth League iliendesha Operesheni Vijana kuanzia Januari 1, 1969: vimini, wigi, suruali za kubana na mkorogo vikapigwa marufuku, na wasichana wakasumbuliwa barabarani Dar es Salaam. Novemba mwaka huohuo muziki wa soul ukapigwa marufuku jijini, kwa hoja kwamba unaharibu vijana.

Miaka hiyohiyo bendi zilikuwa zikirekodi Radio Tanzania, redio pekee ya Bara. Nyimbo zile ndizo leo zinaitwa zilipendwa, zinapigwa kila Jumapili. Wanamuziki wengi wa enzi hizo wamelalamika mpaka uzeeni kwamba walichopata ni kiduchu. Urefu wa sketi ulikuwa na operesheni. Bahasha ya mpiga solo haikuwa nayo.

Hata baada ya redio binafsi kuruhusiwa miaka ya 1990 na sasa kuwa zaidi ya 200, tabia imebaki. Mwaka 2018 BASATA iliufungia wimbo "Mwanza" wa Rayvanny na Diamond kwa sababu za maadili, na nchi nzima ikabishana wiki kadhaa. Hoja ya maadili ijadiliwe, sawa. Lakini mbona kiuno kikikatwa kuna tamko siku hiyohiyo, na msanii akikamuliwa kuna kimya?

Majibu yao yanajulikana

La kwanza: "Hiyo ni biashara, mbona tangazo la sabuni linalipiwa?" Linalipiwa, na kila anayesikia anajua ni tangazo. Mama wa Chiungutwa akisikia sabuni inasifiwa anajua kuna mtu katoa hela. Akisikia wimbo unapigwa mara nane kwa siku, anaamini DJ kaupenda na watu wameuomba. Pale ndipo wizi ulipo. Dogo kaibiwa hela, na msikilizaji kaibiwa imani. DJ kauza sikio lake, kisha akajifanya bado analo.

La pili: "DJ naye atakula nini?" Swali la haki kabisa, na jibu lake linamfuata mwenye redio. Si siri kwamba watangazaji na ma-DJ kibao, hasa mikoani, wanaishi kwa posho, bila mkataba wa maana. Mwenye redio anajua. Anajua pia kijana wake kabadilisha simu na kanunua gari kwa posho ambayo haijazi hata tangi. Haulizi. Kwa nini aulize, wakati wasanii wanamlipia mishahara? DJ anavaa miwani, bosi anafumba macho, na katika wawili hao bosi ndiye haoni kwa makusudi.

Kamati za sherehe nazo zisijifiche. Zipo zinazoelewana na DJ bei, zinamkesha mpaka jogoo anawika, halafu asubuhi mweka hazina haonekani, DJ anapewa nusu na sahani ya pilau. Ukishazoea kumdhulumu mtu ujira wake halali, usishangae akitafuta mwingine gizani.

La tatu: "Siku hizi kuna YouTube na TikTok, nani anahitaji redio?" Anayesema hivyo ana bando. Shambani Chiungutwa redio ndogo bado inaning'inia kwenye tawi la mkorosho, na kwenye sherehe mia tatu hawasikilizi simu, wanasikiliza spika ya DJ. Isitoshe, huko mtandaoni nako mchezo umehamia. Dogo anaambiwa amlipe mwenye wafuasi wengi acheze sekunde kumi na tano. Koti limebadilika, mfuko ni uleule.

Kinachotakiwa

Sheria haikosekani. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 haiishii kwa trafiki na karani wa mahakama. Inamgusa pia mwajiriwa wa kampuni binafsi anayepokea chochote kwa siri ili afanye au asifanye kazi ya mwajiri wake. TAKUKURU wana ofisi mikoani na wilayani. COSOTA ipo kwa sheria ya mwaka 1999. TCRA ndiyo inayotoa leseni za redio. Kinachokosekana ni mtu wa kuiangalia promo kwa jicho lilelile linaloangalia kangomba.

Marekani ya mwaka 1960, kwa unafiki wake wote, iliacha kanuni moja inayofaa kuigwa: kama wimbo umelipiwa, kituo kitangaze hewani kwamba umelipiwa. Basi. Anayetaka kulipia alipie, risiti itoke, na kabla ya ngoma kupigwa msikilizaji aambiwe. Kanuni hiyo ikiwekwa kwenye masharti ya leseni, nusu ya mchezo inakufa wiki ya kwanza. Hakuna staa anayependa kutangazwa mara nane kwa siku kwamba wimbo wake umenunuliwa nafasi.

Pili, mwenye redio alipe watu wake kwa mkataba. Anayeshindwa kumlipa DJ hana redio, ana kibanda cha kukusanyia ushuru chenye antena.

Tatu, kila redio ya mkoa itenge hata nusu saa kwa siku kwa ngoma za hapohapo, zinazochaguliwa kwa sikio, majina ya waliochagua yakiwa wazi. Vijana wa Masasi, Newala na Tandahimba wasikie Kimakua, Kiyao na Kimakonde kwenye redio zao bila mtu kuulizwa kama kajiongeza.

Nne, na hili halihitaji serikali: wasanii wachanga waache kulipa peke yao gizani. Kangomba ya korosho ilipata nguvu kwa sababu kila mkulima aliuza usiku, kwa aibu, akidhani ni shida yake mwenyewe. Meseji zile za "jiongeze" zipo kwenye simu. Zikiwekwa pamoja za watu hamsini, hakuna DJ wala bosi atakayesema kwamba ni maneno ya wenye wivu.

Kwa ma-DJ wasafi, na wapo, wanaopiga wimbo wa dogo asiyejulikana kwa sababu tu umewasisimua: hawa ndio wanaochafuliwa zaidi kuliko wote. Wakipiga ngoma kwa mapenzi wanaambiwa wamelipwa. Wao ndio wangepaswa kuwa wa kwanza kutaka mambo yawekwe hadharani, kwa sauti ileile wanayojitambulishia kwa dakika tano.

Msimu ujao kirikuu kitapanda tena mlima. Koti litametameta, cheni zitakuwa nne badala ya tatu, na asubuhi kahawani itasemwa tena heleni. Iacheni heleni. Mzee mmoja tu, au binti mmoja, amsogelee DJ wakati anakunja nyaya zake, amsalimie vizuri, ahakikishe kalipwa hela yake yote waliyoelewana. Kisha amuulize bila kutabasamu: "Mwanangu, ule wimbo uliourudia mara nne jana, uliupenda wewe, au ulilipwa uupende?"

Akijibu bila kuvua miwani, jibu limeshapatikana.